Kuipangia hewa nyumba mpya ya Pwani isiyokula umeme

Wengi wanaojenga Dar es Salaam na kutaka nyumba isiyokula umeme huanza kwa kuulizia aina ya kiyoyozi. Mimi na mwenzangu tulipojenga Kibada, Kigamboni, tulianza na upepo, yaani utaingilia wapi na utatokea wapi, na swali hilo tulimfikishia mchora ramani kabla hajachora hata ukuta mmoja. Nawashauri wanaojenga wafanye vivyo hivyo, kwa sababu tundu la hewa lililosahaulika kwenye ramani baadaye huwa kazi ya kuvunja ukuta uliokwisha kupigwa lipu.

Pwani yetu ina pepo zinazojulikana. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia karibu Desemba hadi Machi, miezi ambayo joto huwa kali kuliko mingine, na kusi hushika baada ya hapo hadi karibu Septemba. Kwa kuwa Dar es Salaam iko takriban nyuzi 7 kusini mwa ikweta, jua la adhuhuri hupita karibu na utosi, likielemea kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba. Kwa hiyo kuta ndefu zinazotazama kaskazini na kusini hukingwa vizuri na upenu, ilhali ukuta wa magharibi hupigwa na jua la jioni ambalo huwa chini mno kwa upenu kulizuia. Kiwanja chetu hakikukaa sawasawa na pande hizo, lakini hilo halikututia wasiwasi, maana upepo unaoingia kwa mshazari bado hupita vizuri chumbani.

Hewa haiingii kwa wingi mahali pasipo na pa kutokea, hivyo chumba chenye dirisha moja hubaki na joto hata dirisha hilo likiwa pana. Vyumba vya pembeni tulivipa madirisha mawili kwenye kuta mbili tofauti, na kile cha katikati, chenye ukuta mmoja tu wa nje, tukakiachia kidirisha juu ya mlango. Baada ya kupaua niliwasha kijiti cha udi dirishani mwa chumba hicho, alasiri, upepo wa baharini ukiwa umekolea. Moshi ulilala kuelekea ndani ukatokea mlangoni. Fundi alipoziba mlango kwa kipande cha bati, ulisitasita kidogo, ukapanda, kisha ukapenya kwenye kile kidirisha cha juu na kupotelea ukumbini. Nyumba za Kiswahili za Kariakoo na Magomeni, zenye ukumbi unaoanzia mlango wa mbele hadi uani na vyumba pande zote mbili, zilinufaika na upepo kwa namna hiyohiyo bila kifaa chochote.

Kuhusu madirisha, napendelea yanayofunguka yote kuliko ya alumini ya kuteleza, kwa kuwa haya huacha wazi nusu tu ya tundu ulilolilipia, na wavu wa mbu hupunguza tena upepo unaobaki. Wavu hauepukiki, lakini unaweza kuwekwa kuzunguka baraza nzima badala ya kubanwa dirishani, ili hewa iwe na eneo pana la kupenyea. Kizingiti cha chini kiwe karibu na usawa wa kitanda, upepo umfikie aliyelala, na grili iwe imara kiasi cha kumpa mtu amani ya kulala na dirisha wazi. Paa la kujificha, yaani lililofichwa nyuma ya kuta zilizopandishwa juu yake, linapendwa sana siku hizi, lakini silishauri kwa Pwani: halina upenu, hivyo ukuta huchomwa na jua, na mvua ikinyesha madirisha hayana budi kufungwa wakati ambapo unyevu ndani ya nyumba ni mwingi zaidi.

Pangaboi la kawaida hutumia wati 50 hadi 75, kwa hiyo kulala nalo saa 8 ni kama nusu ya uniti ya LUKU. Kiyoyozi cha BTU 12,000 huvuta karibu wati 1,000 kompresa inapofanya kazi kwa nguvu zote, na kwa usiku mzima kinaweza kula uniti kadhaa. Ushauri wangu ni kuamua chumba kwa chumba: ama chumba kipumue kwa madirisha na pangaboi, ama kizibwe barabara kwa ajili ya kiyoyozi, kikiwa na mipira milangoni na bila matundu chini ya dari. Chumba cha nusu kwa nusu hukukosesha upepo na bado hukutoza umeme wa kupoza hewa inayotoroka. Hata hivyo, chumba kilichozibwa kinahitaji hewa safi, kwani kiyoyozi cha kawaida cha ukutani huzungusha hewa ileile ya ndani. Sisi chumba chetu kimoja cha aina hiyo hukifungulia madirisha kila alfajiri.

Bafuni weka feni ya kutolea hewa nje ya nyumba, si juu ya dari, ambako unyevu utaozesha mbao. Jikoni penye gesi acha tundu la chini karibu na sakafu pamoja na lile la juu, kwa sababu gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, na ikivuja hutuama chini. Jiko la mkaa liwe nje kabisa: moshi wake una kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huweza kuua watu waliolala chumba kilichofungwa, na kadiri nyumba inavyozibwa vizuri ndivyo hatari hiyo inavyozidi.