Mtoto wa dada yangu amekiri kuiba, lakini moyo wangu unakataa

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni mke na mama wa watoto wawili, naishi Dar es Salaam. Tunaishi pia na mtoto wa dada yangu, ana miaka 17, yuko kidato cha nne. Wifi yangu anayeishi Marekani alipokuja likizo alituletea DVD za tamthilia ya zamani ya polisi, Homicide: Life on the Street. Kuna sehemu inaitwa Three Men and Adena. Wapelelezi wawili wanamhoji mzee muuza matunda kuhusu mauaji ya mtoto wa kike. Mume wangu akasema mzee ni mwongo, majibu yake yanayumba na anababaika. Mimi nikasema mzee anasema kweli, machozi yale yanatoka moyoni. Tukabishana mpaka tukaupeleka ubishi kwenye kundi la WhatsApp la familia, na huko nako watu wakagawanyika.

Wiki mbili baadaye zikapotea shilingi 120,000 kwenye droo ya chumbani. Mume wangu akamkalisha kijana mezani kuanzia saa mbili usiku. Kijana akawa anaangalia chini. Kwanza alisema alishinda nyumbani, baadaye akasema alitoka kwenda kunyoa. Mume wangu akanigeukia: 'Unaona? Kama yule mzee wako.' Akamwambia kijana, 'Sema ukweli ukalale.' Ilipofika saa saba kijana akasema, 'Sawa, nimechukua mimi.' Ukimuuliza amezifanyia nini, hasemi. Mume wangu ameshawatangazia kwenye kundi. Anasema ninatetea wezi, wa kwenye TV na wa nyumbani. Shangazi, nimwamini nani?"

Marahaba, mwanangu. Pole kwa usiku ule na kwa siku zilizofuata.

La muhimu nalisema mapema: neno alilolitoa kijana saa saba ya usiku msilishike kuwa ushahidi. Sisemi kwamba hakuiba. Wewe hujui, na mume wako naye hajui, ingawa anaamini anajua. Ninachosema ni kwamba kwa njia iliyotumika, kijana aliyeiba angekiri, na ambaye hakugusa hata senti angekiri vilevile, kwa sababu wote wawili walikuwa wanataka kitu kimoja, kulala.

Hesabu saa. Kuanzia saa mbili hadi saa saba ni saa 5. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania inampa polisi saa 4 za msingi za kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, na akitaka kuzidisha lazima afuate utaratibu. Hiyo ni kinga anayopewa hata mtu mzima aliyekamatwa kwa kosa zito. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, wa kwenu bado ni mtoto, na kwenye meza ya nyumbani kwenu hakuwa na kinga yoyote. Kisha akaambiwa, "Sema ukweli ukalale." Hiyo ni ahadi. Na Sheria ya Ushahidi inasema maungamo yaliyopatikana kwa vitisho au ahadi kutoka kwa askari si ya hiari. Mume wako si askari na pale hapakuwa mahakamani, najua. Lakini sheria zile ziliandikwa hivyo kwa kuwa watu wamechunguza miaka na miaka jinsi binadamu aliyechoka anavyoongea, na kijana wenu ni binadamu yuleyule.

Mwaka 1989 mjini New York mwanamke alishambuliwa na kubakwa katika bustani ya Central Park. Vijana wa miaka 14 hadi 16 walihojiwa kwa saa nyingi, wakakiri, na wanne kati yao wakakiri mbele ya kamera ya video. Nchi nzima iliona. Walifungwa. Mwaka 2002 mtu mwingine aliyekuwa gerezani alisema ni yeye, vipimo vya DNA vikamthibitisha, na hukumu za wale vijana watano zikafutwa. Walipoulizwa kwa nini walikiri, walieleza kuwa walidhani wakisema wanachotaka polisi wataruhusiwa kwenda nyumbani. Naomba usome sentensi hiyo ukiikumbuka ile meza yenu.

Mahakama zetu zina hekima ya siku nyingi katika jambo hili. Mwaka 1967, katika kesi ya Tuwamoi dhidi ya Uganda, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema kwamba mtu akiyakana maungamo yake, mahakama iyapokee kwa tahadhari, na kwa kawaida itafute ushahidi mwingine wa kuyaunga mkono. Majaji wa Tanzania, Kenya na Uganda wameirejea kesi hiyo mara nyingi tangu wakati huo. Sasa jiulize wewe: nje ya neno "nimechukua mimi", mna nini? Kijana hajasema alizichukua siku gani, hajasema zilikuwa noti za namna gani, hajasema amezipeleka wapi. Aliyeiba kweli ana habari ambazo ninyi hamna. Huyu hakuwapa habari hata moja mpya. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko macho yake kuangalia chini.

Na hayo macho nayo niyaseme. Huyo ni mtoto aliyelelewa kwetu, amekaa mbele ya mtu anayemwita baba mdogo, na baba mdogo amekasirika. Ulitaka amtazame usoni? Angemkazia macho, mume wako angesema ana macho makavu, mwizi mzoefu. Mwaka 2006 ilichapishwa kazi ya watafiti walioongozwa na Charles Bond, waliouliza watu wa nchi zaidi ya 50 mwongo anajulikanaje. Jibu lililoongoza lilikuwa kwamba haangalii watu machoni. Imani hiyo imeenea duniani kote, nayo haina msingi. Mwaka huohuo Bond na Bella DePaulo walikusanya matokeo ya majaribio mengi ambayo watu walijaribu kutofautisha mkweli na mwongo kwa kuwatazama na kuwasikiliza tu. Walipatia kwa wastani asilimia 54. Ukirusha sarafu utapata 50.

Twende sasa kwa yule mzee, maana nadhani mume wako aliondoka pale na somo ambalo ile tamthilia haikulifundisha.

Sehemu hiyo ilionyeshwa Marekani Machi 1993. Imeandikwa na Tom Fontana, na ilimpa tuzo ya Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani. Karibu yote inafanyika ndani ya chumba kimoja cha mahojiano. Wapelelezi Bayliss na Pembleton wana saa 12 tu na yule mzee, Risley Tucker, ambaye huuza matunda kwa mkokoteni wa farasi katika mitaa ya Baltimore. Adena Watson aliyeuawa alikuwa na miaka 11. Wanamlainisha, wanamfokea, wanambana kwa zamu, na mzee naye anageuza meza: anaanza kuwasoma wao, mmoja mmoja, mpaka unaona wanavyotikisika. Mwishoni anakiri, lakini analokiri ni kwamba alimpenda yule mtoto kwa namna isiyofaa. Kuua, anakataa. Saa zinaisha, anaachiwa.

Kumbuka kinachotokea baada ya hapo, kwani sidhani kama mlikizungumza kwenye kundi. Bayliss aliyeingia chumbani akiwa na uhakika kwamba mzee ni muuaji anatoka hana uhakika tena. Pembleton aliyeingia na mashaka anatoka akiamini ni yeye. Watu wawili wenye kazi hiyo, saa 12 na mtu mmoja, wakasikia maneno yaleyale, wakaona machozi yaleyale, wakafikia mahali tofauti. Wewe na mume wako mmerudia ubishi wao mkiwa kwenye kochi. Wala hauna mwamuzi. Tamthilia hiyo iliisha bila kumtaja muuaji wa Adena, na tukio halisi lililoizaa, ambalo mwandishi wa habari David Simon alilifuatilia akiwa na polisi wa Baltimore mwaka 1988, halijapata mtu wa kuhukumiwa.

Hapa nitakuambia kitu ambacho huenda hukukitarajia kutoka kwangu. Na wewe ulikosea vilevile kama mume wako. Yeye aliona kubabaika akasema uongo. Wewe uliona machozi ukasema ukweli. Machozi yale yalikuwa ya Moses Gunn, mwigizaji mkubwa aliyefariki mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1993, na alicheza kwa namna ambayo mtazamaji angeweza kumwamini au kumkana. Ukienda kwa kijana na moyo uleule, ukaona analia ukasema basi hana hatia, utakuwa umetumia kipimo kilekile cha mume wako, ila umekielekeza upande unaoupenda. Naye atakuambia unampendelea mtoto wa dada yako, na hutakuwa na la kumjibu.

Kwa hiyo ongea na mume wako kwanza, mkiwa wawili, na msianze na yule mzee. Usimwambie "ulimtesa mtoto." Mwambie unataka ukweli wa hizo pesa kama anavyoutaka yeye, na neno la usiku ule haliwapi ukweli huo. Mwombe wote wawili mkubali kuliweka kando. Halafu kaeni na vitu, muwaache watu. Mara ya mwisho kila mmoja wenu kuziona hizo pesa ilikuwa lini, na ni nani alizihesabu? Fungueni meseji za miamala kwenye simu zenu za wiki ile, mliyotoa kwa wakala na mliyotuma. Nani alilipa ada ya wadogo, nani alilipa luku, kwa taslimu au kwa simu? Ninaona familia nyingi zimegombana juu ya pesa ambayo mmoja wao aliitoa mwenyewe akasahau. Inaweza isiwe hivyo kwenu, lakini ni kazi ya nusu saa na haimuumizi mtu.

Kisha kijana. Mchana, ameshakula, si mbele ya wadogo zake. Ningependa aongee na mmoja wenu tu, na ningependa awe wewe, mume wako akiridhia. Mwambie wazi: "Ulilosema usiku ule tumeliacha. Hutaadhibiwa kwa kulikana." Halafu mwombe akueleze siku ile ilivyokuwa, kuanzia alipotoka shule, na unyamaze. Usimkatize, usimsaidie, usimrushie swali lililobeba jibu. Suala la kunyoa linaweza kuchunguzwa. Kinyozi ana jina na kibanda chake kipo mtaani. Kijana kusahau kwamba alitoka, au kuficha kwamba alipita mahali mlipomkataza, hakumfanyi mwizi. Vijana wa miaka 17 huficha mengi, na mengi yao hayahusiani kabisa na droo yenu.

Akikuambia kweli alichukua, akakueleza lini na kwa nini, hapo una kitu cha kushika. Panga naye jinsi ya kurudisha, kidogokidogo, na uulize alibanwa na nini, kwa sababu kiasi hicho mtoto wa shule hakichukui bure. Akisema hakuchukua, na vitu havisemi vinginevyo, basi mkae na hali ya kutojua. Nunueni kufuli la droo. Na tafadhali msihamie kwa dada wa kazi wala fundi ili tu mpate wa kumbebesha.

Jambo la kundi la familia siliachi. Mume wako alimtangaza mtoto mwizi mbele ya shangazi zake, wajomba zake na mama yake mzazi. Vyovyote itakavyokuwa kuhusu pesa, hilo lirekebishwe palepale lilipofanyika na kwa mkono uleule. Maneno machache yanatosha: kwamba aliandika kwa hasira, jambo halijathibitishwa, na anaomba radhi kwa kijana. Akikataa, usiandike wewe badala yake. Mtafute mtu anayemheshimu, kaka yake mkubwa au mshenga wenu, akae naye. Wewe mpigie dada yako leo, usingoje mambo yatulie, maana ameshayasoma na mpaka sasa hajasikia sauti yako.

Kijana ana mtihani wa taifa Novemba. Uangalie kama anakula na kama analala, na kama bado anakaa sebuleni na wenzake au ameanza kujifungia chumbani.