Mashine ya mwanga, heparini na midomo inayochonyota

SWALI: Mume wangu alipandikizwa uboho hapa Birmingham, na sasa damu yake hupitishwa kwenye mashine ya mwanga. Siku ya nane chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zilishuka kutoka 180 hadi 70. Wakaacha heparini, dawa ya kuzuia damu isigande kwenye mashine, wakaweka sitrati, nayo ya kazi hiyohiyo. Sasa midomo inamchonyota. Je, mwanga unamharibia damu?

JIBU: Pole, dada. Mwanga hauelekei kuwa chanzo. Mashine hutenga chembe nyeupe, huzitia methoksaleni, dawa inayozifanya ziathiriwe na mwanga, huzimulika kwa UVA, aina ya miale ya urujuanimno, kisha humrudishia.

Kushuka kwa zaidi ya nusu, siku ya 5 hadi 10 tangu heparini ianze, kwanza tunashuku heparini. Mwili hutengeneza kingamwili zinazoamsha chembe sahani, nazo huisha zikigandisha damu. Ndiyo maana hatari kubwa hapa ni kuganda, wala si kuvuja, jambo linalowachanganya wengi. Mguu ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, kimbieni dharura. Kipimo cha kingamwili kikithibitisha, iandikwe kwenye faili: asipewe heparini tena, hata ile kidogo ya kusafishia mrija.

Midomo ni sitrati: hunasa kalsiamu ya damu. Amwambie muuguzi palepale. Atapunguza kasi ya kurudisha damu, pengine atampa kalsiamu. Misuli ikikaza, mashine isimamishwe.

Na miwani ya kuzuia UVA avae saa 24 baada ya kila tiba, hata kukiwa na mawingu.