Muulize Fundi: Taa ya injini na mvuke wa petroli

SWALI: Shikamoo fundi. Pikapu yangu ya petroli ni ya 1999. Taa ya injini inawaka, mashine ya kupimia hitilafu inasoma msimbo P0455, na kila nikijaza mafuta gari linasumbua kuwaka. Nimebadilisha mfuniko wa tenki, wapi!

JIBU: Marahaba. P0455 ni uvujaji mkubwa kwenye mfumo wa kunasa mvuke wa petroli, na mfuniko ndipo pa kuanzia. Lakini hilo la kusumbua baada ya kujaza ndilo lililonishtua. Mara nyingi vali ya kupitisha mvuke, ile ya upande wa injini, imekwama wazi, hivyo injini inalishwa mvuke kupita kiasi. Ichomoe, usiiunge na umeme, kisha ipulize hewa. Ikipitisha, weka mpya. Usiinyonye kwa mdomo!

Taa ikirudi, fuata mipira kutoka tenki hadi mkebe wa mkaa, ule unaonasa mvuke wa petroli. Kwa umri huo hupasuka kwenye maungio, hasa juu ya tenki ambako jicho halifiki. Hapo mashine ya moshi, inayopuliza moshi ndani ya mfumo ili utokee penye ufa, itakuonyesha. Nakusihi usimulike kwa kiberiti. Na pampu ya kituoni ikijikata, usiongeze: petroli ikifika kwenye mkaa, mkebe huharibika.