Faili moja halitoshi: maswali yenu kuhusu video za kwenye tovuti

SWALI: Habari za kazi kaka. Nafundisha hesabu na masomo yangu yako kwenye tovuti yangu mwenyewe, kila somo ni faili moja la MP4 la 1080p. Wenye intaneti nzuri wanaangalia freshi kabisa ila wengine wanalalamika kaduara kanazunguka tu. Nikashauriwa nipunguze ubora, nikapunguza, sasa walewale waliokuwa freshi wanasema maandishi ya ubaoni hayasomeki. Nifanyeje?

JIBU: Salama mwalimu, na pole. Hapo hata ungepunguza mara ngapi usingeridhisha wote, maana unatafuta saizi moja ya watu ambao intaneti zao hazifanani. Tupige hesabu, si ndo fani yako. Tuseme video yako ni kilobiti 5000 kwa sekunde. Sekunde 6 za somo zinakuwa kilobiti 30,000. Mwanafunzi mwenye laini inayovuta kilobiti 1500 kwa sekunde atahitaji sekunde 20 nzima kupakua hizo sekunde 6, kwa hiyo hata akiwa mvumilivu vipi video lazima isimame tu. Zile zile sekunde 6 zikiwa kwa kilobiti 800 anazipata kwa sekunde 3 na kidogo, anabaki na akiba, video inaenda bila kukwama.

Sasa dawa yake ni hii: somo lilelile unalitoa kwa ngazi kadhaa za ubora, kila ngazi unaikata vipande vya sekunde chache, afu unaweka faili dogo la maandishi linalotaja ngazi zote na vipande vyake viko wapi. Pleya ya mwanafunzi ndo inayoamua, seva yako haifanyi maamuzi yoyote, inatoa faili inaloombwa basi. Pleya inapakua kipande, inaangalia kimechukua muda gani na akiba imebaki sekunde ngapi, kisha inaamua kipande kinachofuata ikichukue kwenye ngazi ipi. Intaneti ikishuka katikati ya somo inashuka nayo, ikipanda inapanda.

Ngazi za kuanzia kwa video ya kawaida ya H.264 (mtindo wa kubana video unaotumika sana; namba kabla ya p ni kimo cha picha kwa pikseli): 1080p kwa kilobiti 5000, 720p kwa 2800, 480p kwa 1400, 360p kwa 800, 240p kwa 400. Angalia kila moja ni karibu mara mbili ya iliyo chini yake, zikikaribiana sana pleya inahangaika kupanda na kushuka bila mtazamaji kuona tofauti, zikiachana sana mtu anaangukia kwenye picha mbovu wakati angeweza kupata ya kati. Na kama ulirekodi kwa 720p usitengeneze 1080p, hautaongeza chochote zaidi ya uzito.

Ila wewe mwalimu usizichukue hizo namba kama zilivyo. Netflix walieleza mwaka 2015 kwamba waliacha kutumia ngazi zilezile kwa kila video, kwa sababu katuni iliyotulia haihitaji biti nyingi kama filamu ya mapigano, na somo la ubaoni liko upande wa katuni kabisa: ubao umesimama, kinachosogea ni mkono wako tu. Kinachoua maandishi ni kuipunguza picha hadi herufi zinakosa pikseli. Kwa hiyo jaribu 720p kwa kilobiti 1000 au hata chini kidogo, linganisha na 480p kwa 1400, zoom kwenye mlinganyo mmoja wenye vipeo vidogo uone kipi kinasomeka. Nina uhakika utashangaa. Na sauti usiibane kupita kiasi, AAC (mtindo wa kubana sauti) ya kilobiti 96 inatosha kabisa kwa mtu anayeongea, maana mwanafunzi atavumilia picha yenye ukungu lakini asipokusikia ameshapotea.

Ukubwa wa diski nao uuhesabu mapema, ngazi zile 5 jumla ni kilobiti 10,400 kwa sekunde, yaani karibu gigabaiti 4.7 kwa kila saa ya somo.

SWALI: Mtaalamu naomba msaada, nimetumia ffmpeg (programu ya kubadilisha video) nimetoa ngazi 4, vipande vya sekunde 6, inacheza lakini kila ikibadilisha ngazi picha inaruka au inaganda kidogo afu inaendelea. Na nikiangalia vipande vyenyewe urefu haulingani, kingine sekunde 8 kingine 10. Kosa liko wapi?

JIBU: Hili ndo swali nililokuwa nalisubiri, na ukitengeneza hapa umemaliza sehemu kubwa ya kazi. Tatizo lako ni fremu kuu. Video iliyobanwa haihifadhi kila picha nzima nzima, kuna fremu kuu moja iliyo kamili afu zinazofuata zinabeba mabadiliko tu. Kipande lazima kianze na fremu kuu, la sivyo pleya inapohamia ngazi nyingine inakuta mabadiliko bila picha ya kuyabandika juu yake. Sasa x264, ile sehemu ya ffmpeg inayobana video kuwa H.264, usipoiambia kitu inaweka fremu kuu pale inapoona tukio limebadilika, na isipoona inaweza kusubiri hadi fremu 250, ambazo kwa video ya fremu 25 kwa sekunde ni sekunde 10. ffmpeg uliiambia ikate kwenye sekunde 6 lakini haina pa kukata, inangoja fremu kuu inayofuata, ndo unaona hizo 8 na 10. Mbaya zaidi kila ngazi umeienkodi peke yake, kwa hiyo hata uamuzi wa tukio limebadilika wapi unaweza kutofautiana kati ya 1080p na 360p, na vipande havianzi sehemu moja tena.

Kwa fremu 25 kwa sekunde weka hivi kwenye kila ngazi bila kubadilisha hata moja:

-g 50 -keyint_min 50 -sc_threshold 0

Hapo fremu kuu zinakuja kila sekunde 2 na hazijali tukio, na kipande cha sekunde 6 kinabeba mizunguko 3 kamili. Kama video imetoka kwenye simu kuwa makini, simu nyingi zinarekodi kwa idadi ya fremu inayopandashuka, ukihesabu fremu 50 sio lazima iwe sekunde 2, kwa hiyo isawazishe kwanza kwa -r 25 ndo uendelee.

Usiamini kwa macho, pima. Hii inakutajia muda wa kila fremu kuu:

ffprobe -v error -select_streams v:0 -skip_frame nokey -show_entries frame=pts_time -of csv=p=0 somo_720.mp4

Unatakiwa uone 0, 2, 4, 6 na kuendelea, na ukiirudia kwa ngazi nyingine ije orodha ileile. Ikitofautiana hata mstari mmoja usipandishe kitu kwenye seva.

Jingine, weka kikomo cha juu, mfano -b:v 2800k -maxrate 3000k -bufsize 5600k. Bila hivyo sehemu yenye vurugu nyingi inaweza kuruka mbali na ile namba uliyoiandika kwenye orodha, pleya inaichagua ikidhani ni nyepesi kumbe ni mzigo, video inakwama na wewe unalaumu intaneti ya watu.

SWALI: HLS au DASH? Kila ninayemuuliza ananiambia chake.

JIBU: Zote mbili ni namna ya kupanga vile vipande na faili la orodha yake ili pleya ivielewe. Kwa tovuti ya kawaida HLS. Ilitoka Apple mwaka 2009 na iPhone inaicheza moja kwa moja ndani ya Safari, Chrome na Firefox unaziwekea hls.js (msimbo mdogo wa kwenye ukurasa unaozichezea HLS) na kazi imeisha. DASH ni kiwango cha kimataifa tangu 2012 na ni kizuri kweli, ila kwa mtu mmoja mwenye tovuti yake kuhudumia vyote viwili ni kujiongezea kazi. Vipande vyako vitoe kwa mtindo wa fMP4 (MP4 iliyogawanywa vipande), HLS inaupokea tangu 2016, siku ukihitaji DASH utatumia vipande vilevile na kuongeza faili la orodha tu. Na kwenye orodha kuu ya HLS usitaje 1080p kwanza, Safari kwa kawaida inaanza na ile ya kwanza kutajwa, weka ya kati hapo juu ili video ianze haraka kwa wengi.

SWALI: Kwenye kompyuta yangu VLC inacheza vizuri tu, link ileile nikiiweka kwenye ukurasa ni skrini nyeusi. Nimebadilisha pleya tatu sasa.

JIBU: Acha kubadilisha pleya ndugu yangu. VLC haina masharti ya brauza, kwa hiyo kucheza huko hakukwambii kitu kuhusu ukurasa wako. Fungua zana za wasanidi kwenye brauza, upande wa Network, pakia ukurasa upya uangalie ombi lipi limekuwa jekundu. Kama vipande viko kwenye domeni tofauti na ukurasa, seva ya vipande lazima itume Access-Control-Allow-Origin, yaani ruhusa ya ukurasa wa domeni nyingine kuchukua faili zake. Kama ukurasa ni https na link ni http, brauza inazuia. Kama ni 404, yaani faili halijapatikana, njia za faili ndani ya .m3u8 (faili la orodha la HLS) haziendani na ulivyopanga mafolda. Na seva itoe .m3u8 kama application/vnd.apple.mpegurl.

Ikishacheza usifunge hizo zana bado. Humohumo kwenye Network kuna sehemu ya kupunguza kasi, tengeneza yako ya kilobiti 1000 kwa sekunde, anza video, iache dakika mbili, kisha iachie kasi yote. Majina ya vipande yatahama kutoka folda la 360p kwenda 720p mbele ya macho yako, na kama picha haijaruka wakati inahama, pandisha na zilizobaki.