Godoro linaanikwa, kikohozi kiko palepale

SWALI: Mwanangu ana miaka 7 na ana pumu. Alipimwa mzio kwa kuchomwachomwa mkononi, ikaonekana ni utitiri wa vumbi. Kila Jumamosi naanika godoro, na nimepuliza dawa ya mbu kitandani, lakini masika haya bado ananiamsha saa nane za usiku kwa kikohozi. Nakosea wapi?
Mama wa Pasua, Moshi

JIBU: Pole, mama. Jua linafanya nusu ya kazi. Utitiri ni kadudu ka kama theluthi ya milimita. Hakaumi, na ukavu unakaua. Shida ni kinyesi chake, na kinyesi hakifi. Kinabaki ndani ya sponji, mtoto akijigeuza kinapanda puani.

Mwili wake ulishakitengenezea kingamwili aina ya IgE, ambazo hukaa juu ya seli za kinga kwenye mirija ya hewa. Kikigusa, seli hizo humwaga kemikali iitwayo histamini dakika ileile: chafya, kifua kubana. Saa 4 hadi 8 baadaye huja wimbi la pili, mirija inavimba na kujaa ute. Aliyelala saa mbili za usiku, hesabu mwenyewe.

Dawa ya mbu acha kabisa. Harufu yake peke yake yaweza kumbana.

Mpe fundi godoro alishonee raksini pande zote sita, yenye zipu, na juu yake shuka ya pamba. Mto wa sufi utoe, haufuliki. Weka wa sponji nao uvikwe hivyohivyo. Shuka zifuliwe kila wiki kwa maji ya nyuzi 60 au zaidi: lita 10 zinazochemka kwa lita 5 za bomba huanzia karibu 70. Loweka nusu saa, geuza kwa mwiko, watoto wakae mbali. Maji baridi huondoa kinyesi kingi ila utitiri wenyewe wanabaki hai. Ufagio mkavu unarusha vumbi, pitisha tambara bichi. Masika hewa ina unyevu, na utitiri huzaliana sana, kwa hiyo usianike nguo chumbani kwake.

Haya yote hayachukui nafasi ya pampu ya kinga ya kila siku. Ile ya bluu inafungua mirija tu, haitulizi uvimbe. Akiihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki, mrudishe kliniki hata kama mchana anacheza vizuri.