Simu Moja, Masikio Manne

Mwanangu mpenzi,

Sauti yako ya juzi tumeipata. Nasema tumeipata kwa sababu tuliisikiliza pamoja, mimi na mama yako, kama kawaida yetu. Umeuliza: "Baba, mnawezaje kuishi watu wawili na simu moja bila kugombana? Sisi kila mtu ana yake na bado tunagombana. Au tuwanunulie ya pili?"

Naandika kwa kalamu kwanza, kisha nitapiga picha ukurasa kwa ukurasa nikutumie kama ulivyonifundisha. Kwenye kioo vidole vyangu bado vizito, na neno likisubiri sana kidole hunitoroka.

Nianze na LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla. Nanunua umeme kwa simu, tarakimu 20 zinaingia, na hapo ndipo inapoanza kazi ya watu wawili. Mita yetu unajua ilivyowekwa juu. Mama yako anapanda kwenye kigoda, mimi nasimama chini na simu na miwani. Namsomea nne nne, yeye anarudia kila fungu kabla ya kubonyeza. Mwaka 2024, mita zote zilipotakiwa kubadilishiwa mfumo, tulitumiwa mafungu matatu ya tarakimu 20, jumla 60. Majirani wengi waliita vijana wa mtaa wawaingizie. Sisi tuliingiza wenyewe, saa tatu usiku. Alikosea fungu la pili, tukalirudia pole pole kuanzia mwanzo. Mita ilipokubali alinishika bega ili ashuke kigodani. Mguu ulishafika chini, mkono ukabaki begani. Nimeoa miaka mingi, mwanangu, na usiku ule nilijiona kijana.

Jingine ni kikombe. Baada ya chakula cha usiku tunaiweka simu ndani ya kikombe cha bati, kile cheupe chenye ukingo wa bluu nilichorudi nacho kutoka kambi ya reli, ili sauti ipande. Tunawasikiliza mmoja mmoja: wewe, kaka yako, mdogo wako, na mjukuu anayeimba hesabu zake. Mama yako anasikia yaliyosemwa. Mimi nasikia na yaliyo nyuma yake: honda zinapita, bomba linavuja jikoni kwenu, mtu anakohoa. Kisha tunalinganisha. Bila mwenzangu ningepata nusu ya barua zenu.

Nimewaambia tangu mkiwa wadogo, na siku kaka yako alipooa nilisimama nikasema hilo hilo: ndoa ni masikio. Macho yanachoka kumtazama mtu yule yule, sikio halichoki kama kuna kinachosemwa. Bado naamini hivyo. Lakini sikulipata neno hilo vitabuni wala kwa wazee. Nililipata kwa kukosa kusikia, na kwa kuwa umeuliza habari za simu, leo nitakueleza.

Umeona mama yako anavyojirekodi. "Ni mimi mama yenu, nikiwa hapa Kihonda, Morogoro. Salamu zimfikie mwanangu wa kwanza popote alipo, zimfikie binti yangu na mume wake, ziwafikie wajukuu wote bila kumsahau wa mwisho..." Anataja majina hadi yaishe, anavuta pumzi, ndipo anasema: "Ujumbe." Nyinyi huwa mnacheka, mnaona ni uzee. Si uzee. Hivyo ndivyo zilivyokuwa kadi za salamu za Radio Tanzania. Ulinunua kadi, ukaandika jina lako na mahali ulipo, ukaorodhesha uwapendao, na chini kabisa ukaweka ujumbe. Ukaipeleka posta, ukakaa na redio kungoja.

Ilikuwa masika ya mwaka 1989. Wewe ulikuwa hujazaliwa, kaka yako ana miezi minne. Mimi nilikuwa msimamizi wa genge la kutengeneza njia ya reli, kambi yetu iko karibu na stesheni ya Kidete. Unaijua sehemu ile kwa hadithi zangu: kati ya Kilosa na Gulwe reli inafuatana na mto Mkondoa, na kila masika mto unakuja kudai bonde lake. Tuta linaliwa, mataruma yanabaki yananing'inia, nasi tunashindilia mawe na kokoto usiku na mchana ili treni ya Kigoma na Mwanza ipite. Simu ya stesheni ilikuwa ya kupangia treni. Huwezi kuishika ukamwuliza mkeo mtoto amelalaje. Barua nilimpa gadi wa treni ya mizigo, naye akiwa na moyo mzuri ilifika Morogoro.

Redio kambini ilikuwa moja, ya National, na betri za kuitia zilipatikana kwa shida. Mimi ndiye niliyezitunza. Sheria yangu ilikuwa hivi: redio inafunguliwa saa mbili usiku kwa taarifa ya habari, basi. Mchana betri zinatolewa na kuanikwa juu ya bati, maana betri iliyochoka ikipata joto inavuta tena kidogo.

Siku hiyo jua lilitoka baada ya mvua ya siku tano mfululizo. Nilizipanga betri nne juani kwa mikono yangu. Naziona hata sasa. Mbili zilikuwa zimeanza kutoa unga mweupe kitakoni, nikazifuta kwa kitambaa, nikazigeuza upande ambao haujapata joto. Nilikuwa nimeridhika kabisa na kazi yangu.

Kesho yake tukakutana njiani na toroli ya genge la upande wa Gulwe. Mwenzangu mmoja akaniita toka mbali: "Hongera bwana! Umesalimiwa redioni jana!" Shemeji, akasema, amekutaja jina, kazi yako na mahali ulipo, na ujumbe juu. Nikamwuliza, ujumbe gani? Akafikiri. "Ulikuwa mzuri," akasema. "Sote tulinyamaza." Hicho ndicho alichokumbuka, kwamba walinyamaza. Nilimbana, nikambana na wenzake. Mmoja akasema kulikuwa na habari ya mlango, mwingine akakataa akasema ni mvua.

Mama yako alikuwa ameipeleka ile kadi karibu miezi miwili nyuma. Nyumbani redio hatukuwa nayo, hivyo kila alasiri alimfunga kaka yako mgongoni, akaenda barazani kwa jirani pale kwenye kota za reli, akakaa. Siku jina lake liliposomwa wanawake wa kota walipiga vigelegele. Haya nilisimuliwa na jirani, si na yeye.

Niliporudi ilikuwa zimepita wiki mbili. Sijatua hata mfuko, akaniuliza mlangoni: "Ulisikia?"

Nikasema: "Nilisikia."

Najiuliza mpaka leo kwa nini nilisema hivyo, na jibu ninalo. Uso wake ulikuwa umechangamka mno, na mimi sikuwa na ujasiri wa kuuzima. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Nilisema nini?"

Nilisimama pale na mfuko wangu. Hakugomba. Aliuchukua mkononi mwangu, akaingia nao ndani, akanimiminia maji ya kunawa, akanipakulia. Ningetamani angegomba. Baada ya miezi kadhaa nilijikaza nikamwuliza ule ujumbe ulikuwaje. Akanijibu: "Ulisomwa mara moja." Hadi leo ni miaka 36 na sijauliza tena.

Utasema, Baba, kosa liko wapi, si ulikuwa unatunza betri za watu? Hata mimi nimejitetea hivyo mara nyingi. Watu kumi na wawili walikuwa wanaingoja ile taarifa ya habari, tena wakati wa mafuriko. Ningefungua redio ovyo mchana, usiku wangekosa wote. Ni kweli, na leo ningefanya vile vile. Lakini betri si kosa. Kosa ni "nilisikia". Mtu anaweza kukosa kusikia akasamehewa siku hiyo hiyo. Nilichofanya mimi ni kumnyang'anya nafasi ya kunisimulia mwenyewe. Ningesema "sikusikia, niambie wewe", angeniambia pale pale mlangoni, kwa mdomo wake, na ningekuwa nao mpaka kaburini.

Tulipokuja huko Dodoma kwa treni ya umeme, ile Agosti ya 2024, tulipita kwenye mahandaki ya Kilosa, ndani ya milima ambayo sisi tuliizunguka na mto. Treni ilipotokea kwenye mwanga nilimwonyesha mama yako kwa kidole kule ninakodhani kambi ilikuwa. Alitazama dirishani, akasema: "Ndiko betri zilikokuwa zinaanikwa?" Habari ya betri nilimweleza mara moja tu, zamani sana. Akacheka kicheko chake cha chini, akanipa chungwa alilokuwa amelimenya. Sijawahi kula chungwa tamu kama lile.

Kwa hiyo anapojirekodi kuwaletea nyinyi salamu, akafika kwenye neno "ujumbe", mimi naacha ninachofanya. Jembe naweka chini. Kwa kawaida ni mambo ya kunywa dawa na kulipa ada mapema. Nasikiliza hata hivyo.

Sasa nisikudanganye kwamba simu moja haina ubaya, maana umesema "bila kugombana". Tumegombana, na kosa lilikuwa langu. Mwaka jana mama yako yuko sokoni, ikaingia sauti ya mamdogo wako. Nikaifungua. Neno la kwanza tu lilinionyesha kwamba ni mtu na dada yake, analia mambo ya nyumbani kwake. Nilipaswa kuizima hapo. Nilisikiliza mpaka mwisho. Aliporudi nikamwambia, nilishajifunza kutosema uongo katika mambo ya kusikia. Alikaa siku mbili ananijibu kwa mkato. Siku ya tatu akasema: "Ile haikuwa sauti yako." Na ni kweli. Nimehubiri miaka yote kwamba ndoa ni masikio, kumbe sikio nalo linaweza kuiba, na aliyeibiwa pale si mke wangu ni shemeji yangu, ambaye hakuniamini mimi, alimwamini dada yake. Siku hizi sauti za mamdogo wako zinamngoja mwenyewe. Zikiingia namwita, nampa simu, natoka nje nikatazame kuku.

Unaona basi? Nimeanza kukusifia simu moja na sasa naizungumza kama mashtaka. Kila nikiliweka jambo hili upande mmoja linateleza kwenda wa pili.

Kuhusu wewe na mwenzio. Umesema usiku kila mtu anageukia ukuta wake na kioo chake, na kwamba yeye ana namba ya siri nawe umeanza kuwaza uiombe au usiiombe. Neno ninalo, liko mdomoni, na mama yako ameniangalia mara mbili kuona kama nitaliandika. Siliandiki. Mkwe wangu ni mtu mzima, nami sijui anachofungia ni nini. Huenda naye ana mdogo wake anayemlilia. Nyumba nisiyolala siihukumu. Ila nitakuuliza kama nilivyoulizwa mlangoni: mara ya mwisho alipokutumia sauti mchana, akiwa kazini, alisema nini? Maneno yenyewe, si maana yake. Na yeye je, anaweza kuyataja yako? Msinijibu mimi.

Imebaki hiyo simu ya pili. Sipendi kikombe chetu kiwe na sauti za mtu mmoja, mwingine yuko sebuleni na zake. Tukifika huko tutakuwa tumepoteza kitu ambacho hakuna duka linalokiuza. Hilo nimekuwa nikilisema moyoni tangu juzi, na nilikusudia barua hii iwe ya kukataa.

Lakini leo asubuhi shambani nilikuwa napalilia peke yangu, nikawaza. Simu ikiwa moja na iko nyumbani, mama yako hana njia ya kunitumia sauti mimi. Nyinyi nyote amewasalimu kwa kadi yake ile, mmoja mmoja kwa jina. Mimi niko hapo hapo kando yake, nani atamsalimu mtu aliye kando yake? Ningekuwa nayo mfukoni, ikalia kule kwenye mahindi, huenda ingekuwa "ni mimi mkeo, nikiwa hapa Kihonda". Huenda angefika mpaka chini kabisa ya kadi. Huenda asingefika. Sitamwuliza.

Barua hii itapita kwenye simu hiyo hiyo, kwa hiyo akitaka kuisoma ataisoma. Sijaifichia kitu.

Ongeeni na mama yenu, msifuate langu. Ila mkinunua, chagueni inayokaa na chaji mchana kutwa, na spika yake iwe kubwa.

Wasalimie wote hapo, na mkwe wangu umsalimie kwa jina.

Ni mimi baba yako,
Kihonda, Morogoro