Mwanangu, kuhusu ile dripu

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nimekaa chini kabisa. Unasema Jumatatu unatimiza wiki 41, daktari anataka uanzishiwe uchungu, na unaniuliza: "Mama, si na wewe ulianzishiwa kwangu? Ni kweli unauma kuliko wa kawaida?"

Unauma. Sikudanganyi. Mdogo wako alikuja mwenyewe, kwa hiyo naweza kulinganisha. Uchungu wa kawaida unabisha hodi: unaanza mgongoni, unashuka kiunoni, unapata hata muda wa kukunja nguo na kugombana na baba yako. Wa dripu, ile dawa ya kuanzisha uchungu wanayokutundikia mshipani, unaingia na mlango wenyewe.

Ilikuwa Januari 1998, zile mvua za El Niño, Kirumba yote pale Mwanza matope. Nilikuwa nimepitiliza siku 12. Leba walinipima, njia imefunga. Wakaniwekea mpira mwembamba wenye puto dogo mwishoni, wakalijaza maji ili liusukume mlango wa kizazi ufunguke. Usiku kucha natembea koridoni, mpira umebandikwa pajani kwa plasta, kama mbuzi aliyekata kamba. Maumivu kidogo, aibu nyingi. Alfajiri ukadondoka. Asubuhi wakapasua chupa, wakatundika dripu: matone 10 kwa dakika, kila nusu saa wanaongeza, wakitafuta uchungu mara tatu ndani ya dakika 10.

Hadi hapo unapajua. Yanayofuata sijawahi kukusimulia.

Kabla ya kutundika, nesi aliniuliza, "Mama, umekunywa dawa yoyote?" Nikasema sijanywa. Nilikuwa nimekunywa. Bibi yako mzaa baba alivuka kutoka Ukerewe na mizizi yake, akaichemsha, akaniletea alfajiri ile kwenye chupa ya chai, pembeni ya uji. "Kunywa, binti yangu, utanishukuru." Nikanywa kwa heshima, nikanyamaza kwa woga. Manesi wa siku zile walikuwa wakikukuta na dawa za kienyeji wanakusema wodi nzima isikie.

Dripu haijafika hata matone 40, uchungu ukaungana. Hakuna pumzi katikati. Nesi akaweka tumboni lile pembe lake la kusikilizia moyo wa mtoto, akasikiliza, akasikiliza tena. Akafunga dripu, akanigeuza ubavu wa kushoto, akamwita daktari. Mapigo yako yameshuka. Nikawa natazama ule mrija, hakuna tone linaloshuka, na tumbo bado linakaza. Hapo nikajua ni ile chupa ya bibi yako. Nikamshika nesi mkono, nikamwambia. Alinifokea, tena sana, ila mkono wake haukuondoka tumboni mwangu.

Chumba cha upasuaji kilishaandaliwa tumbo lilipoanza kulegea. Ulizaliwa saa nane mchana, kwa njia ya kawaida, ukakawia kulia. Ule ukimya wako bado naukumbuka kuliko maumivu yote. Daktari alisema hata dripu peke yake inaweza kuleta hali ile, ndiyo maana inaanzwa kidogo kidogo. Huenda. Mimi nina hakika yangu. Bibi yako hakuambiwa hadi anaingia kaburini. Alinitakia mema tu.

Basi kubali, mwanangu, kama wamekupima na wakakueleza. Siku hizi wapo wanaoanza na vidonge. Uliza wewe utapewa kipi, na nani atakuwa anasikiliza moyo wa mtoto. Uchungu ukikunyima nafasi ya kuvuta pumzi, usijikaze kisabuni, piga kelele waje.

Na shangazi yako ameniambia kuna kitu amekuandalia. Nakijua. Kipokee kwa mikono miwili, mshukuru, kisha ukimwage. Akiuliza, mlete kwangu.

Jumamosi napanda meli hapa Nansio, nakuletea uji wa ulezi na sato wa kukausha. Kwenye chupa yangu ya chai kutakuwa na chai. Ukitaka, uinuse kwanza.

Mama yako